Neno la wakili halikufika kwenye kanda: kisa cha Zubulake na UBS

Agosti 2001, mawakili wa ndani wa benki ya UBS nchini Marekani waliwaagiza wafanyakazi kwa mdomo wasifute wala kutupa chochote kinachomhusu mfanyakazi mwenzao, Laura Zubulake. Tarehe 29 na 30 mwezi huohuo mawakili wa nje walioajiriwa na benki wakakutana na wahusika wakuu, wakarudia agizo lilelile. Kwenye chumba cha kompyuta kazi ikaendelea kama jana na juzi. Kanda za bakapu, yaani kanda za sumaku zinazowekwa nakala za akiba za data, zilizotimiza muda wake zilirudi kwenye mashine, zikaandikwa upya juu ya yale yaliyokuwamo. Hakuna aliyewaambia watu wa IT, yaani mafundi wa kompyuta, wasimame. Walikuja kuambiwa Agosti 2002, mwaka mzima baadaye, na hata hapo ni kwa sababu mlalamikaji mwenyewe alikuwa ameziulizia kanda hizo.

Kazi yangu ni kutunza seva na bakapu, kwa hiyo kisa hiki sikisomi kama mwanasheria. Nakisoma kama mtu ambaye siku moja anaweza kuulizwa mbele ya jaji: ile kanda ya Aprili iko wapi?

Zubulake aliajiriwa UBS Agosti 1999 kuuza hisa za masoko ya Asia kwa wateja wa Marekani. Kwa maelezo yake, aliahidiwa kwamba nafasi ya umeneja ikitokea atafikiriwa. Nafasi ilitokea, akapewa mwanamume. Akadai kwamba meneja huyo mpya alimbagua kwa sababu ni mwanamke, na tarehe 16 Agosti 2001 akapeleka malalamiko kwenye tume ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia usawa katika ajira. Oktoba mwaka huohuo akafukuzwa kazi. Februari 2002 akafungua kesi katika mahakama ya shirikisho ya Kusini mwa New York, mbele ya Jaji Shira Scheindlin.

Mashauri ya namna hii hufunguliwa kila siku. Hili liliingia kwenye vitabu vya sheria kwa sababu ya barua pepe.

Kwa asiyezoea mahakama za Marekani, utaratibu wao ni huu. Kabla kesi haijasikilizwa, kila upande una haki ya kudai nyaraka kutoka kwa mwenzake, hata zile zitakazomuumiza anayezitoa. Ukiombwa, unatafuta na unatoa. Zamani hiyo ilikuwa kazi ya makarani na makabati ya mafaili. Kufikia mwaka 2002 sehemu kubwa ya mawasiliano ya ofisini ilikuwa ndani ya kompyuta, na kanuni za mahakama zilikuwa bado zinafikiria karatasi.

Zubulake aliomba mawasiliano yote ya wafanyakazi wa UBS yaliyomhusu yeye. Benki ikatoa kurasa 350 hivi, kati yake kama 100 za barua pepe, ikasema zimeisha. Tatizo ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameshawasilisha kurasa zipatazo 450 za barua pepe alizokuwa nazo. Mtu mmoja aliyefukuzwa kazi ana kurasa nyingi kuliko benki nzima! Hakuhitaji mtaalamu kujua kwamba kuna barua zilizoandikwa, zikafutwa, na huenda zimelala mahali fulani.

Zilikuwa zimelala sehemu mbili, na tofauti ya sehemu hizo ndiyo iliyobeba kesi.

Sehemu ya kwanza ilikuwa diski za optiki. Madalali wa hisa Marekani wanabanwa na kanuni ya tume ya masoko ya mitaji, namba 17a-4, inayowataka watunze mawasiliano ya biashara yao kwa miaka. Ili kuitii, UBS ilikuwa na mfumo ulionakili barua pepe za wauzaji waliosajiliwa kwenda kwenye diski zisizofutika, zikapangwa vizuri, ukitaka unatafuta kwa jina. Hifadhi safi kabisa. Ila ilinakili tu barua zilizotoka nje ya benki au kwenda nje. Mfanyakazi akimwandikia mwenzake wa meza ya pili kuhusu mwenzao wa meza ya tatu, diski haikuona kitu.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu naliona jambo hili hata leo. Ukimuuliza mkuu wa kampuni kama wana hifadhi ya barua pepe, atajibu ndiyo kwa kujiamini. Anachosema ni kwamba wana kitu kilichonunuliwa ili kumridhisha mkaguzi mmoja aliyeuliza swali moja. Mkaguzi wa UBS aliuliza mnawaambia nini wateja. Mahakama iliuliza mnaambiana nini ninyi kwa ninyi.

Sehemu ya pili ilikuwa kanda za bakapu. Kila siku mfumo ulichukua picha, yaani nakala kamili, ya seva ya barua pepe. Kanda za kila siku zilitunzwa siku 20 za kazi, za wiki mwaka mmoja, za mwezi miaka 3. Kanda ya bakapu ina kazi yake halali: seva ikiungua usiku, kesho yake unarudisha hali ya jana na watu wanaendelea na kazi. Haikuundwa ili mtu aulize nani alimwandikia nani mwezi Mei. Ndani yake vitu vimemwagwa vyote pamoja. Ukitaka barua za mtu mmoja, lazima urudishe kanda kwenye diski, uendeshe programu ya kuchambua sanduku la mtu huyo, kisha ulitoe kwa umbo linaloweza kufunguliwa kwenye Outlook, programu ya barua pepe. Kwa mfumo wa UBS, kanda moja ilichukua kama siku 5. Tena kanda ina kile tu kilichokuwa kwenye seva dakika ile picha ilipopigwa. Barua iliyopokelewa asubuhi ikafutwa kabla ya jioni haimo.

Benki ikasema kwamba kurudisha kanda hizo kungegharimu kama dola 300,000, na kwamba anayezitaka azilipie.

Tarehe 13 Mei 2003 Jaji Scheindlin akatoa uamuzi ambao watu wa hifadhi ya data wanapaswa kuusoma hata kama hawajawahi kuingia mahakamani. Aligawa data kwa jinsi inavyofikika. Iliyo hai kwenye seva, iliyo kwenye diski kama zile za optiki, na iliyotunzwa nje kwa mpangilio inahesabika kuwa inafikika, na hiyo gharama ni ya mwenye nayo. Kanda za bakapu, pamoja na data iliyofutwa au kuharibika, hazifikiki bila kazi kubwa. Hapo tu ndipo mahakama inaweza kufikiria kumgawia mwombaji sehemu ya gharama. Kwa maneno mengine, namna fundi alivyopanga hifadhi yake miaka 3 iliyopita ndiyo itakayoamua nani alipe leo. Nadhani ni mara ya kwanza mpangilio wa kabati la kanda kupewa uzito wa kisheria wa namna hiyo.

Hakukubali makadirio ya mdomo pia. Akaamuru kanda 5, zilizochaguliwa na Zubulake, zirudishwe kwa gharama ya benki, ili ijulikane kilichomo na bei yake halisi.

Ankara ya zoezi hilo imo kwenye uamuzi wa tarehe 24 Julai 2003, nami huwa naitumia kuwaeleza wasimamizi. Kampuni ya nje iliyorudisha kanda ilitoza saa 31.5 za kurudisha na saa 6 za kuandika programu ya kutafutia, kila saa dola 245. Ikatoza saa 101.5 za mashine kwa dola 18.50. Ikaongeza asilimia 5 ya uendeshaji. Jumla dola 11,524.63. Wakili akasoma kwa saa 11.3 kwa dola 410 kila saa, na wasaidizi wake wakasoma pia. Kanda 5 zikafika dola 19,003.43.

Zilitoka barua 8,344. Ukiondoa zilizojirudia zikabaki 6,203. Mwishowe benki yenyewe ikakubali kwamba kama 600 zinahusika na kesi. Linganisha na zile kurasa 100 za mwanzo, zilizosemwa kuwa ndizo zote.

Kwa kipimo hicho kanda 72 zilizobaki zingegharimu dola 165,954.67 kuzirudisha na kuzitafuta, na dola 107,694.72 zaidi kwa mawakili kuzisoma. Jaji akamwambia Zubulake abebe robo ya gharama ya kurudisha, kama dola 41,500. Usomaji wote ukabaki kwa benki. Binafsi naona sehemu hiyo ya pili ndiyo yenye funzo kwa wanaosema nafasi ya diski ni rahisi, tutunze kila kitu. Diski ni rahisi kweli. Kila barua uliyotunza bila sababu, siku ya kesi kuna mtu anakaa kuisoma kwa dola 410 kwa saa.

Kazi ya kurudisha ilipoanza, ikafumuka kitu kibaya zaidi. Baadhi ya kanda za mwezi, ambazo sera ya benki yenyewe ilisema zikae miaka 3, hazikuwapo. Na ndani ya kanda zilizokuwapo zikaonekana barua zilizoandikwa baada ya agizo la Agosti 2001, zinazoihusu kesi moja kwa moja, ambazo kwenye masanduku ya wafanyakazi hazikuwamo tena. Mtu alikuwa ameketi mezani kwake, ameshaambiwa asifute, akafuta. Barua ilinusurika kwenye kanda ya bakapu tu kwa sababu picha ilipigwa kabla haijafutwa.

Wajibu wa kutunza ulianza lini? Benki ingependa kusema Agosti 2001, malalamiko yalipopelekwa kwenye tume. Katika uamuzi wa Oktoba 2003, jaji alirudi nyuma hadi Aprili 2001. Alionyesha barua pepe za wakati huo, baina ya wafanyakazi wa UBS, zenye kichwa kinachodai kwamba ni mawasiliano ya siri kati ya wakili na mteja, ilhali hapakuwa na wakili yeyote kwenye barua hizo wala ushauri wa kisheria ndani yake. Mtu haandiki kichwa kama hicho bure. Wenyewe walikuwa wameshaiona kesi inakuja. Mstari mmoja wa kichwa cha barua ukauvuta wajibu wa benki nyuma kwa miezi 4.

Uamuzi huo wa Oktoba umetiwa chumvi sana na wauzaji wa mifumo ya hifadhi, kwa hiyo niseme ulichosema. Jaji alijiuliza kama kampuni inayoona kesi inakuja inapaswa kutunza kila karatasi, kila barua pepe na kila kanda. Akajibu waziwazi kuwa hapana, kwani kampuni kubwa zina kesi karibu kila siku na kanuni hiyo ingezilemaza. Kwa kawaida kanda za bakapu za kujikinga na majanga zinaweza kuendelea kuzunguka. Lakini kama kampuni inaweza kuitambua kanda yenye barua za mhusika mkuu wa kesi, na barua hizo hazipatikani kwingine, kanda hiyo isimame.

Soma sharti hilo kwa jicho la fundi. Linamtaka ajue kanda namba fulani ina seva gani, na seva hiyo ilikuwa na masanduku ya nani, mwezi gani. Ofisi nyingi zina lebo ya tarehe tu kwenye ubavu wa kanda. Anayejua zaidi ya hapo ni mtu mmoja, na siku akiacha kazi anaondoka na ujuzi huo kichwani.

Uamuzi wa mwisho katika mfululizo huo ulitoka tarehe 20 Julai 2004, na sasa jaji aliwageukia mawakili. Hakuridhika kwamba waliagiza mara moja wakaenda zao. Kulikuwa na mfanyakazi muhimu ambaye hakupewa agizo kabisa. Mwingine alikuwa ametunza barua husika, ila hakuna aliyemwomba azitoe. Wa tatu alikuwa na namna yake ya kupanga mafaili kwenye kompyuta, wakili hakuielewa, na nyaraka zikachelewa kwa muda mrefu. Jaji akaandika kwamba wakili lazima azungumze na watu wa IT ili ajue data inakaa wapi na inafutwa vipi, azungumze na kila mhusika mkuu mmoja mmoja, arudie agizo mara kwa mara, na ahakikishe nakala zimewekwa mahali salama.

Adhabu ilikuwa kwamba juri, raia wa kawaida wanaoketi kuamua ukweli wa kesi, wangeelezwa kuwa wana ruhusa ya kudhani barua zilizopotea zingeiumiza benki. Fikiria unatetea kesi ya ubaguzi huku waamuzi wakiwa wameshaambiwa hivyo. Tena miongoni mwa barua zilizotajwa katika kesi kulikuwa na ile iliyopendekeza mama huyu aondolewe haraka, baada ya kulalamika kwenye tume, kwa sehemu ili asistahili bonasi ya mwisho wa mwaka. Aprili 2005 juri ikampa zaidi ya dola milioni 29. Milioni 20 hivi kati ya hizo zilikuwa za kuiadhibu benki.

Sitaki kuwatetea UBS, ila ukitazama kisa chote huoni mtu wa IT aliyevunja utaratibu wake. Walizungusha kanda kama sera ilivyosema. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia kwamba sera hiyo imesimamishwa kwa watu fulani tangu tarehe fulani. Agizo lilitoka kwa wakili likaenda kwa muuzaji wa hisa, ambaye hana mamlaka juu ya kanda hata moja, na halikuteremka ngazi hadi kwa mwenye funguo za chumba.

Tarehe 1 Desemba 2006 kanuni za mashauri ya madai za mahakama za shirikisho zikabadilishwa. Data ya kielektroniki ikatajwa kwa jina lake kama aina ya ushahidi, na pande zote zikatakiwa kukutana mapema kuzungumzia itatunzwaje na itatolewa kwa umbo gani. Mwaka 2015 zikabadilishwa tena: adhabu ile ya juri kudhani mabaya, pale data iliyopaswa kutunzwa inapopotea, sasa inahitaji kuthibitishwa kwamba ilipotezwa kwa makusudi ya kumnyima mwenzako. Uzembe mtupu hautoshi. Naona ni marekebisho ya haki, maana hofu ya miaka ile ilizifanya kampuni ziweke kanda stoo bila hata kujua zina nini.

Kwetu Afrika Mashariki hakuna utaratibu mpana wa kutoleana nyaraka kama wa Marekani, lakini swali linamfikia fundi kwa mlango mwingine. Kenya, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka rekodi ya kielektroniki iambatane na hati iliyosainiwa na mtu mwenye dhamana ya kuendesha mtambo ulioitoa. Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama ipime kama data ilitengenezwa, ikatunzwa na kusafirishwa kwa njia ya kuaminika. Anayejua majibu hayo ni yule aliyeko chumba cha seva.

Mtu anaweza kudhani kwamba zama za kanda zimepita, na kisa chenyewe kimepitwa pia. Machi 2023, mahakama ya shirikisho ya San Francisco, Jaji James Donato aliikuta Google na kosa katika kesi ya duka lake la programu za simu. Watu wapatao 360 walikuwa wameagizwa watunze kila kinachohusu kesi. Lakini kwenye mfumo wa kuchati wa kampuni, mazungumzo ya watu wawili yalijifuta baada ya saa 24 kama mwenyewe hakuwasha historia, yaani mpangilio wa kutunza mazungumzo, na kampuni ilimwachia kila mmoja aamue kama awashe au asiwashe. Agizo la wakili lilikuwapo, tena kwa maandishi. Kitufe cha kuzuia ufutaji kwa wote hao kilikuwa mikononi mwa wasimamizi wa mfumo. Google iliijulisha mahakama Februari 2023 kwamba imekiwasha.